Anayetuma kitabu kwa simu afikirie macho ya msomaji

Goma, Bukavu ao Bunia, simu imekuwa maktaba ya familia nyingi zilizokimbia vita. Watu walipotoka Masisi, Rutshuru ao Djugu, walibeba watoto, magodoro na sufuria. Vitabu vilibaki nyuma. Leo mtoto wa shule ya msingi anasomea hesabu kwenye simu ya mama yake, mfinalisti anapitia maswali ya zamani ya Exetat kwenye simu ya kuazima, na mzee anaomba mjukuu amfungulie Biblia kwenye kioo chenye ufa. Matangazo ya chanjo na orodha za ugawaji wa chakula nazo zinapita humo humo, katika vikundi vya WhatsApp.

Kufikisha kitabu kwenye simu ni jambo moja, kukisoma ni lingine. Faili nyingi zinazosambazwa ni PDF za ukurasa wa A4. Ukurasa huo una upana wa sentimita 21, na kioo cha simu ya kawaida kina karibu sentimita 7. Ukurasa mzima ukiingia humo, herufi iliyoandikwa kwa ukubwa wa 12 inabaki kama ya ukubwa wa 4. Hata gazeti, ambalo wazee wanalalamikia herufi zake, huchapwa kwa 8 ao 9. Basi msomaji anapanua ukurasa kwa vidole viwili, anausukuma kulia, anaurudisha kushoto, mstari kwa mstari. Mtoto anayejifunza kusoma anapoteza mstari kabla ya kufika mwisho wake. Mwalimu atasema ni mvivu. Mara nyingi mvivu ni yule aliyetengeneza faili.

Kwa mfinalisti hasara ni kubwa zaidi. Katika hesabu na kemia kuna tarakimu ndogo zinazokaa juu ao chini ya herufi. Katika PDF iliyofinywa, 2 ya juu na 3 ya juu zinafanana na doa. Kijana anajibu swali ambalo halikuulizwa, na siku ya mtihani hakuna wa kumwelezea.

Wapo watakaosema kwamba mtu asiye na nyumba anahitaji unga na turubai, si herufi nzuri. Neno hilo lingekuwa na nguvu kama habari ya unga isingepita kwenye simu. Mama anayeishi katika familia ya mapokezi anatafuta jina lake katika picha ya karatasi iliyopigwa kwa haraka, mwanga ukiwa upande mmoja. Anasoma tarehe 11 kumbe ni 17. Anafika siku ambayo ghala limefungwa, na nauli ya motari imekwisha kulipwa. Huyo mama anajua kusoma vizuri. Kilichomshinda ni picha.

Ndiyo maana deni la kwanza liko kwa watumaji: mashirika ya kiutu, shule, makanisa, viongozi wa mitaa. Tangazo fupi liandikwe kama ujumbe wa kawaida, si picha ya karatasi yenye muhuri. Ujumbe wa maneno unakula mega kidogo sana kuliko picha. Unakubali kukuzwa kadiri mwenye simu anavyotaka, na simu zenye sauti ya kusomea zinaweza kuusoma kwa asiyeona. Picha haitoi hata kimoja kati ya hivyo. Kama muhuri ni lazima, picha ifuate, lakini maneno yatangulie.

Kwa vitabu na masomo, kuna aina ya faili inayoitwa EPUB. Tofauti yake na PDF ni kwamba haina ukurasa uliofungwa. Msomaji akikuza herufi, maneno yanashuka mstari wa chini na kujipanga upya kulingana na upana wa kioo, kama maji yanavyofuata umbo la beseni. Hakuna kusukuma kushoto na kulia. Hadithi za watoto za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, zinapatikana bure, na nyingine ni za Kiswahili. Programu za kusomea kama ReadEra ao Google Play Books zinafungua EPUB, na kitabu kikishapakuliwa kinasomwa bila mega.

Upande wa msomaji nao kuna kazi ndogo ambayo wengi hawajaifanya, pengine kwa sababu ya jina lake. Simu nyingi hapa zimewekwa katika Kifaransa, na neno la kutafuta katika mipangilio ni police. Wapo wanaoliona na kuliruka mbio, maana katika miji yenye vizuizi vingi barabarani neno hilo halimfurahishi mtu. Humu police si askari, ni aina ya herufi. Katika simu nyingi za Android, anayefungua Paramètres, kisha Affichage, atakuta mahali pa kuongeza ukubwa wake. WhatsApp kwenye Android ina pake pia, katika mipangilio ya mazungumzo. PDF haitabadilika kwa mpangilio huo, ujumbe utabadilika.

Baada ya ukubwa, nafasi kati ya mistari. Mistari ikibanana, jicho linarudi kwenye mstari ule ule ao linaruka mmoja. Kiswahili kina maneno marefu, na neno kama «waliowaandikisha» linajaza karibu nusu ya kioo herufi zikikuzwa. Kwa hiyo ni heri mistari ianzie sawa upande wa kushoto na kuachwa ikatike popote upande wa kulia. Programu ikilazimishwa kunyoosha pande zote mbili, inatoboa mashimo kati ya maneno na kusoma kunakuwa kama kuvuka mto kwa kurukia mawe.

Umbo la herufi linakuja mwisho, ingawa ndilo watu wanalobishania. Kuna herufi zenye vijiguu, kama Georgia, na zisizo navyo, kama Verdana. Zote mbili zilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya kioo cha kompyuta, miaka ya 1990, na zote zinasomeka. Anayeona raha na moja aishike. Jambo la kuangalia ni herufi zinazodanganyana. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni fimbo moja. Kwa Kiswahili si jambo dogo, kwani sentensi ngapi zinaanza kwa «Ili» na «Ilikuwa»? Mtoto wa darasa la pili anaona fimbo mbili na hajui aanzie wapi. Katika namba ya siri ya kupokea pesa, 0 na O zikifanana, pesa hazitoki.

Ipo aina moja ambayo inapaswa kuwa katika kila ofisi inayoandaa masomo huku, na jina lake ni la kwetu: Andika. Ilitengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Ndani yake a na g zina umbo lile ambalo mwalimu anaandika ubaoni, na I, l na 1 kila moja ina sura yake. Inazo pia ɛ na ɔ za Lingala, ambazo katika aina nyingine hutokea kama visanduku vitupu. Haiuzwi, ni bure. Kwa wenye macho dhaifu kuna Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute ya Marekani, nayo bure.

Kuhusu betri, ambayo inalipiwa kwa mchajishaji, kuna imani kwamba kioo cheusi chenye herufi nyeupe kinaokoa umeme. Ni kweli kwa simu zenye kioo cha OLED. Simu nyingi za bei ndogo zina kioo cha LCD, ambacho taa yake inawaka nyuma hata ukurasa ukiwa mweusi, hivyo hakuna kinachookolewa. Kinachosaidia simu zote ni kupunguza mwanga. Usiku kioo cheusi kinaweza kutunza usingizi wa wengine katika chumba cha watu wanane. Mchana kwenye jua, herufi nyeusi nene juu ya nyeupe ndizo zinazoonekana.

Mtu aliyepita miaka 40 na anayesogeza simu mbali ili aone, huyo anahitaji miwani, na herufi kubwa zitamsaidia tu wakati anaitafuta.

Na kwa wanaotuma, kipimo ni rahisi. Kabla ya kubonyeza, ofisi ichukue simu ya bei ndogo kuliko zote iliyomo, ya mlinzi ao ya mpishi, itoke nayo nje saa sita mchana, na imwombe mwenye simu hiyo asome tangazo kwa sauti.