Feni ya Sh250 yashinda mashine ya bei ghali: Joto, mabati na tangi la samaki Sosiot

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba samaki wako wamekufa kwa joto Kericho, atakucheka. Kericho gani? Ile ya majani chai, mvua ya mawe na sweta mwaka mzima? Hata mimi ningecheka. Lakini Februari mwaka jana, saa tisa alasiri, nikiwa ndani ya keja yangu hapa Sosiot, themometa ya tangi ilisoma nyuzi 30. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wanahema kama watu waliopanda mlima mbio. Kufikia jioni nilikuwa nimezika tisa nyuma ya choo cha ploti.

Wale tisa walikuwa majike ya gapi, vile visamaki vidogo vyenye mkia kama leso. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na kuzalisha gapi ndiko kulikokuwa kunanilipia stima na nusu ya kodi. Kwa hivyo wasee, mkisikia mtu anaongea kuhusu kupoza tangi la samaki msidhani ni mambo ya watoto wa mabwanyenye. Kuna watu mtaani ambao ile glasi ya futi mbili ni duka lao.

Tuanze na picha kubwa. Januari 2025, Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilithibitisha kwamba 2024 ndio uliokuwa mwaka wa joto zaidi tangu vipimo vianze kuwekwa, karibu nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. Hapa kwetu, kati ya Januari na Machi, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa ilani zake za joto, na sisi wa milimani huzisoma kama matangazo ya vifo vya watu tusiowajua. Tunaona Turkana, Garissa, Mombasa, pengine Kisumu, halafu tunaendelea na maisha.

Shida ni kwamba ilani hizo zinaongea kuhusu hewa ya nje. Kituo cha hali ya hewa hupima joto kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Hakuna mtu anayekuja kupima keja yenye paa la mabati bila dari, dirisha moja dogo, ukuta unaotazama magharibi. Nje ikiwa nyuzi 27, ndani ya nyumba kama hiyo unaweza kuongeza nne au tano bila shida. Wewe utatoka ukae chini ya mti na soda. Samaki hawezi kutoka. Na hapo juu ya tangi kuna taa, nayo inaongeza joto lake.

Sasa kuna jambo ambalo sikulijua, na ndilo lililoniua kibiashara. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi, na wakati huo huo samaki anahitaji oksijeni nyingi zaidi kwa sababu mwili wake unakimbia haraka. Hiyo ni sayansi ya kila mahali. Lakini sisi tuko juu. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na Sosiot haiko mbali na hapo, kwa hivyo hewa yenyewe ni nyepesi. Maji ya nyuzi 28 Mombasa yanaweza kubeba kama miligramu 7.8 za oksijeni kwa kila lita. Maji ya nyuzi zile zile huku kwetu hubeba kama 6.2. Yaani tumekatwa karibu asilimia 20 kabla hata joto halijaanza. Wanariadha wetu wanafaidika na hewa hii. Samaki wa kwenye glasi hafaidiki na chochote. Ndiyo maana ushauri wa mtandaoni wa watu wa Florida ama Singapore, kwamba gapi hana shida hata kwa nyuzi 30, usiubebe mzima mzima ukauleta Belgut.

Basi suluhisho ni lipi? Niliingia dukani mjini nikaonyeshwa mashine ya kupozea maji, kitu kama friji ndogo, bei yake makumi ya maelfu. Muuzaji alikuwa mkarimu sana, hata alitaka kunipa lipa pole pole. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mashine ndogo ya wati 200 ikifanya kazi saa nane kwa siku itakula uniti 48 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ya tokeni ni shilingi 30 ukijumlisha kodi na makato yote. Hizo ni Sh1,440. Halafu kuna mtego mwingine. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ya stima za nyumbani ni ya wale wanaotumia wastani wa uniti 30 kwa mwezi, si 100 kama zamani. Ile mashine peke yake inakutoa hapo, na hata balbu yako na chaja ya simu zinaanza kulipishwa bei ya juu.

Jambo la mwisho kuhusu hiyo mashine: joto inalolitoa kwenye maji hailimezi. Inalimwaga chumbani. Keja ni chumba kimoja. Kwa hivyo samaki anapoa, wewe unaokwa.

Barafu je? Wengi hukimbilia chupa ya maji iliyogandishwa, wanaiweka ielee tangini. Kwa dharura si mbaya. Lakini lita moja ya barafu ikiyeyuka ndani ya tangi la lita 60 inashusha joto kwa kama nyuzi 2 hivi, halafu inaisha. Na nani alikuwa ameigandisha? Friji, ambayo nayo inakula tokeni na kumwaga joto humo humo. Pia ukitupa barafu nyingi kwa mpigo maji yanashuka ghafla na samaki anapata mshtuko. Nyuzi moja kwa saa inatosha.

Kilichoniokoa ni kitu nilichokuwa nikikiona tangu utotoni. Ukishawahi kuingia kiwanda cha chai unajua ile hatua ya kwanza ya kunyausha majani: yanamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni kubwa zinapuliza hewa kutoka chini, na kwa saa kadhaa maji yanatoka kwenye jani. Kule lengo ni kuondoa maji. Lakini maji yanapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto jingi mno, na tangini hilo joto ndilo tunalotaka liende. Nyanya yangu alijua hilo na mtungi wake wa udongo bila kuwasha chochote.

Hesabu yake inashangaza. Lita moja ya maji ikiondoka kama mvuke inabeba joto zaidi ya mara tano ya lile ambalo lita moja ya barafu ingelimeza. Kwa hivyo unachohitaji ni upepo kidogo juu ya maji. Nilienda kwa fundi wa kompyuta nikanunua feni ya volti 12 iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, Sh250. Chaja ya ruta iliyokufa nilikuwa nayo. Nikaondoa kifuniko cha kioo, nikaweka wavu wa dirisha kwa sababu gapi wanaruka, na feni nikaifunga pembeni ikipuliza kwa mshazari juu ya maji. Inakula wati mbili na nusu. Saa nane kwa siku, mwezi mzima, ni kama Sh18. Andazi moja ama mawili, inategemea unanunua kwa nani.

Joto la mchana likaacha kupita 26. Na hapa Kericho tuna bahati ambayo mtu wa Mombasa hana: joto letu huja wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, na hewa kavu ndiyo inayonyonya mvuke vizuri. Pwani hewa imeshiba maji tayari, feni ile ile haitafanya kazi nusu ya hii. Mvua za Aprili zikianza huku kwetu feni inalegea, lakini kufikia hapo joto nalo limeondoka.

Kuna mambo mawili matatu ambayo usipoangalia utajilaumu. Usiku Sosiot unaweza kushuka hadi nyuzi 11 ama 12, kwa hivyo feni izimwe jua likitua. Wengi wetu tuna hita tangini kwa sababu ya usiku huo, na hita ya bei rahisi ikikwama haijizimi. Siku ile samaki wangu wanakufa, hita ilikuwa inawaka saa tisa mchana, maze. Niligundua kesho yake nikikunja nyaya. Siku hizi naichomoa asubuhi kabla ya chai.

Pili, maji yatapungua, kwangu karibu lita moja kwa siku. Usiongeze moja kwa moja kutoka kwa mfereji. Yaache wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke, ama utumie ya mvua ukiwa nayo. Na kuongeza si kubadilisha: kinachopaa ni maji peke yake, uchafu na chumvi vinabaki, kwa hivyo ile kazi ya kubadilisha sehemu ya maji kila wiki iko pale pale. Waya wa feni uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likiteremka liangukie sakafuni lisiingie kwa stima. Chakula kipunguze siku za joto, kwa sababu mabaki yakioza yanakula ile oksijeni kidogo iliyopo. Taa iwashe jioni, si mchana.

Halafu stima zenyewe. Mwaka wa 2023 pekee nchi nzima iliingia gizani Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10, na hiyo ni bila kuhesabu zile za transfoma ya mtaa ambazo hazifiki kwenye habari. Pampu ikinyamaza katika maji ya nyuzi 29, huna usiku mzima wa kungoja. Chukua kikombe, chota maji, yamwage kutoka juu yapige uso wa tangi, rudia. Inachosha lakini inaingiza hewa. Mimi sasa feni yangu iko kwenye paneli ndogo ya sola ya wati 10 na betri kuukuu ya bodaboda. Jua likiwaka sana feni inapuliza sana, na ndio wakati ule ule ninaoihitaji.

Nikiulizwa na anayeanza leo, ningemwambia aweke samaki wa dhahabu. Hao wanapenda maji ya nyuzi kati ya 18 na 24, kwa hivyo hita hata hahitaji huku kwetu, na kazi yake itakuwa ile miezi mitatu ya kiangazi tu. Gapi wanauzika haraka zaidi, siwezi kukudanganya. Lakini tangi lisiwe dogo kuliko lita 60 kwa vyovyote, kwa sababu maji machache hupanda na kushuka na paa lako.

Na paa ndilo ambalo feni haliwezi. Nimemwomba mwenye ploti aweke dari, hata ya magunia yaliyopakwa chokaa. Alisema Kericho ni baridi, dari ni ya nini. Nikampeleka ndani saa nane mchana, nikamwonyesha themometa niliyoitundika ukutani: nyuzi 32. Akaitazama, akaigonga kwa kidole, akasema imeharibika. Mwezi ujao nitamwonyesha mbili.