Mnunuzi Halipii Matofali

Pita Sinza, Tabata au Mbagala uhesabu nyumba ambazo bado zina uani. Ni chache. Mwenye nyumba akishika fedha kidogo tu anaita fundi: mara banda la vyumba nyuma, mara fremu za maduka mbele, mara sebule inasogezwa hadi inagusa ukuta wa jirani. Imani ni ileile, kwamba tofali likipanda na bei ya nyumba inapanda. Siikubali.

Chukua nyumba ya Kiswahili, zile za Magomeni na Kariakoo ya zamani: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma uani penye jiko, choo na bafu. Vijana huiona ramani ya kizee, lakini kwa kupangisha ina akili sana. Kila mlango unafungukia koridoni, kwa hiyo wapangaji sita wanakaa bila mmoja kupita kwa mwenzake. Uani ndiko wanakopika, wanakofua na kuanika. Ukishajaza vyumba vinne pale, upepo unakatika, korido inakuwa giza hadi taa inawashwa saa saba mchana, na ugomvi wa kuchangia umeme wa LUKU unaanza. Umeongeza kodi nne na kuzidhoofisha sita.

Halafu kuna shimo la choo. Mnunuzi mjanja huliulizia kabla ya kuuliza bei, kwa sababu zipo nyumba ambazo banda limekalia mfuniko. Shimo likijaa, mpangaji anatoa kitanda nje ili mpira wa gari la maji taka upite. Dalali hatakutajia hilo.

Wengi wanachanganywa na uthamini. Mthamini akitumia njia ya gharama, anakokotoa jengo hilo lingejengwa leo kwa kiasi gani, kisha anatoa uchakavu. Hapo kila chumba kinaingia kwenye hesabu. Mnunuzi hana hesabu hiyo. Yeye analipia kodi atakayokusanya au maisha atakayoishi. Kwa mwenye familia, masta yenye choo ndani inapandisha bei, ila chumba kinachofikiwa kwa kupita chumba kingine ni stoo tu, hata kiwe na vigae.

Fremu ni kesi ngumu zaidi. Kwenye barabara yenye watu sina ugomvi nazo. Fremu moja nzuri inaweza kuzidi kodi ya vyumba kadhaa. Lakini zikiziba mbele na gari likakosa pa kuingilia, mnunuzi mwenye familia ameshaondoka. Na fremu zina tabia ya kusogelea hifadhi ya barabara. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kwenye Barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, ilionesha thamani ya jengo lililochorwa X.

Mimi, kwa fedha ya vyumba vinne vya uani, ningegusa vile viwili vya mwisho vya upande mmoja wa korido: niviunganishe kuwa chumba na sebule, niweke choo ndani, mlango wake na LUKU yake. Milango ya kupangisha inabaki mitano badala ya sita. Jirani atanicheka, ila anayetafuta choo chake mwenyewe yuko tayari kulipa zaidi ya wapangaji wawili wanaopokezana ndoo asubuhi.