Moshi Mweusi Si Dalili ya Maendeleo

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi pana moto. Ni kweli, lakini hawakutuambia moto huo ni wa namna gani, na hapo ndipo ninapotaka kubishana leo. Wako watu, tena wenye vyeo, ambao wakiuona moshi mzito ukipanda kutoka kwenye tanuri la matofali au dohani ya kiwanda husema kwa fahari, “Pale kazi inafanyika.” Kazi inafanyika, sikatai. Ila moshi ule mweusi ni kuni zilizokatwa, zikanunuliwa, zikasombwa kwa lori, zikawashwa, kisha zikatoroka angani bila kuungua sawasawa. Anayeusifu anasifu hasara.

Wanafunzi wangu, tuyaweke maneno sawa kwanza. “Tanuri” ni jiko kubwa la kuchomea matofali, chokaa au vyungu. Wenzenu wanaosema Kinyarwanda watalitambua mara moja katika “itanura” lao. “Dohani” ni bomba la kutolea moshi. “Mwako” ni kuwaka kwa kitu kinapokutana na oksijeni kwenye joto la kutosha. Na “ufanisi”, neno linalotajwa kila siku katika hotuba na kutekelezwa mara chache, ni kupata kingi kutokana na kichache.

Mwako kamili una masharti yake: hewa ya kutosha, joto la kutosha, na muda wa gesi kuchanganyika na hewa hiyo kabla hazijapoa. Kaboni ikipata oksijeni inayoitaka hugeuka kaboni dioksidi na kutoa joto lake lote. Ikinyimwa, huishia njiani ikawa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na joto linalopatikana halifiki hata thuluthi moja ya lile la kwanza. Nyingine huwa masizi, yakaingia mapafuni mwa mwanamke anayesomba matofali na mwa mtoto aliyembeba mgongoni. Kwa hiyo anayesema kwamba usafi wa hewa ni anasa ya nchi tajiri hajaielewa hesabu yenyewe: kinachomchafulia jirani hewa ndicho kinachommalizia yeye kuni.

Tazameni matofali yanavyochomwa katika sehemu nyingi za Uganda. Matofali mabichi hupangwa yakawa kilima, chini huachwa matundu ya kutilia magogo, nje hukandikwa udongo, kisha moto huchochewa usiku na mchana. Udongo hauwi tofali imara mpaka ufikie nyuzijoto kama 900 za Selsiasi au zaidi. Joto jingi hupita juu likapotea. Matofali yakiisha kuiva huachwa yapoe kwa siku kadhaa, na joto yaliyolibeba huondoka na upepo. Kilima kinachofuata huanzwa upya kutoka baridi, kwa magogo mapya. Ya ndani yameungua kupita kiasi, ya pembeni hayakuiva, na fundi mwenyewe anajua kwamba kuna atakayoyatupa.

Hali hii si kudra ya Mungu. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la duara ambamo matofali hukaa mahali pamoja na moto ndio unaotembea. Hewa baridi hupita kwanza kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza na yenyewe ikapata joto kabla ya kufika motoni; kisha gesi zinazotoka motoni hupita kwenye matofali mabichi zikayapasha, ndipo zikaishia dohanini. Wachina nao wakaunda tanuri la wima: matofali mabichi huingizwa juu, hushuka polepole, hukutana na moto katikati, hutoka chini yakiwa yamepoa. Tanuri hilo huhitaji takribani megajuli moja, au pungufu, kwa kila kilo ya matofali; kilima chetu huweza kula maradufu na zaidi. Hapo Rwanda, jirani yetu, matanuri ya wima yamekwisha kujengwa kwa msaada wa Uswisi.

Najua jibu litakalokuja: maskini atapata wapi fedha? Swali ni la haki, nami silidharau. Mchoma matofali aliyekodi kipande cha bonde kwa msimu mmoja hawezi kujenga dohani. Lakini mara nyingi swali hilo huulizwa na watu wasiokusudia kulijibu. Wao huona rahisi zaidi kutuma askari wabomoe tanuri la maskini, huku madarasa na ofisi za umma zikiendelea kujengwa kwa matofali yaleyale. Serikali ni mnunuzi mkubwa. Ikiandika katika masharti ya zabuni namna tofali linavyopaswa kuchomwa, na ikawapa vikundi vya wachomaji mkopo pamoja na uhakika wa soko, matanuri yatajengwa. Isipoandika, amri zote za kukataza kukata miti ni kelele. Yapo pia yasiyohitaji mkopo: kuyakausha matofali kabisa kabla ya kuyachoma, kupasua kuni na kuziweka chini ya paa miezi kadhaa, kuchanganya pumba za mpunga au maganda ya kahawa ndani ya udongo ili tofali lichomeke toka ndani.

Wala viwanda vikubwa visijifiche nyuma ya mchoma matofali. Viwanda vya chai vya magharibi ya Uganda hukausha majani kwa maboila yanayokula mikaratusi. Gogo lililokatwa jana huweza kuwa nusu yake maji. Kilo moja ya kuni zilizokauka kabisa hutoa megajuli zipatazo 18. Kilo ya gogo lenye nusu maji hutoa kama 8 tu. Banda la kukaushia kuni si jambo la kuagiza kutoka Ulaya. Kupima oksijeni iliyobaki katika moshi wa dohani nako si uchawi: ikiwa kidogo mno, mwako haukukamilika, ikiwa nyingi mno, kiwanda kinapasha joto hewa ya bure na kuitupa angani.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika Ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 17 inalitaja jukumu la kuyalinda miongoni mwa wajibu wa raia. Watawala hupenda kutusomea ya 17. Sisi tusome zote mbili. Zoezi la juma hili ni barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa diwani wenu. Mwulizeni: matofali ya jengo la umma lililojengwa karibuni katika eneo letu yalichomwa katika tanuri la namna gani, kwa kuni zilizotoka wapi, na nani aliyekagua? Tumieni “Mheshimiwa”, msitukane, wala msiombe, ulizeni. Akiwajibu kwamba mambo hayo ni ya wataalamu na bado yanafanyiwa utafiti, mtajieni mwaka 1858.