Mkweche wa babu ulivyotuumbua Boma Ng'ombe

Wiki hii mapenzi nayaweka pembeni kidogo, tuongee umeme wa gari la zamani. Usifunue ukurasa! Hata kama huna gari, una mjomba mwenye gari, na ipo siku utalisukuma.

Babu yangu anakaa Marangu. Ana Land Rover 109 ya mwaka 1965. Gari hiyo imebeba magunia ya kahawa kupeleka chama cha msingi, imebeba maharusi, imebeba na majeneza. Baba mkubwa kila Krismasi anasema iuzwe chuma chakavu tugawane hela. Babu anajibu kwamba itauzwa yeye akishazikwa, na kaburini atapelekwa nayo hiyo hiyo. Mjadala unaishia hapo, mbege inaendelea.

Basi Oktoba 2024 Arusha wakafanya tamasha la Land Rover. Babu akaniita: "Mjukuu wangu, nataka gari langu likasalimiane na wenzake." Mimi huyo nikavimba kichwa. Tatizo lilikuwa moja tu, taa. Ukikanyaga mafuta zinang'aa, ukiachia zinakuwa kama kibatari. Kushuka nayo usiku na ukungu ule wa mlimani ni kumjaribu Mungu.

Sababu ni dainamo. Magari ya enzi hizo yalichaji betri kwa dainamo, na dainamo ni mvivu: injini ikiwa silensa haitoi kitu cha maana. Ya kwetu ni Lucas ya ampea 22, tena mpaka ikimbie. Mimi fizikia ya fomu foo ilinipiga chenga, lakini hesabu moja niliibakiza: wati gawa kwa volti upate ampea. Taa kubwa mbili za wati 60 ni ampea 10. Babu alikuwa ameongeza spotilaiti mbili za wati 55, hizo ni ampea 9. Weka koili ya injini ampea 4, waipa 3, taa za nyuma na za pembeni karibu 2. Jumla 28! Unaingiza 22, unatumia 28. Ni kama mshahara wako na bili za baa.

Dawa yake ni oltaneta. Yenyewe inazalisha umeme hata injini ikizunguka taratibu, na ndani ina daiodi za kuugeuza umeme wake uweze kuchaji betri. Hata Land Rover wenyewe walihamia huko walipotoa Series III mwaka 1971. Kwa hiyo nikatafuta oltaneta ya mtumba ya ampea 45, nikampelekea fundi mmoja wa mjini, simtaji. Saa mbili tu, kazi imekwisha! Nikamwuliza mbona ile taa ndogo nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haiwaki tena? Akacheka. "Dogo, hiyo nimeikata, haina kazi, inakera macho tu." Nikamlipa na ya soda juu.

Siku ya safari tuliondoka Marangu saa tisa usiku, babu kavaa koti lake la kanisani, mimi kwenye usukani najiona dereva wa Safari Rally. Himo tukapita, Moshi tukapita. Tulipofika karibu na Boma Ng'ombe taa zikaanza kuwa njano, halafu nyekundu, halafu injini ikakohoa, puu! Kimya. Giza totoro, barabara kuu, mabasi na malori yanapita upepo unatikisa gari. Nikakimbia kukata matawi nikayatandaza barabarani. Jamani, niliogopa. Siyo kwa ajili yangu. Mle ndani kuna mzee wa miaka zaidi ya 80, na mimi ndiye niliyemwambia gari limepona.

Wakatokea vijana wa bodaboda, tukazima taa zote, wakasukuma, ikawaka. Nikakanyaga mafuta kwa furaha. Haikupita dakika mbili, moshi nyuma ya dashibodi! Nikazima injini, nikaruka, nikachomoa kichwa cha betri. Vidole viliungua, lakini gari halikuungua. Arusha hatukufika. Tulivutwa kwa kamba mpaka Moshi, na babu hakusema neno njia nzima. Bora angenitukana.

Gari tukalipeleka Pasua kwa fundi umeme mmoja mtu mzima, mafuta yamemkaa mpaka kwenye kope. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Nani amekutegea huu mtego?" Akanikalisha kwenye ndoo akanifundisha, nami nakupa bure.

Kwanza ile taa nyekundu. Kumbe siyo pambo! Umeme unapita kwenye hiyo balbu kwenda kuiamsha oltaneta. Ukiikata, oltaneta inaweza kulala usingizi mpaka uizungushe kwa kasi sana, au isiamke kabisa. Sisi tulitoka Marangu tunakula betri peke yake, na hakuna wa kutuambia, maana wa kutuambia alikatwa. Balbu inatakiwa iwake ukifungua swichi, izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, usisafiri.

Pili, waya. Yule fundi wa kwanza aliacha waya wa zamani, mwembamba, uliokusudiwa ampea 22. Tuliposukumwa na mimi nikakanyaga mafuta, oltaneta ikaamka ikakuta betri imekufa njaa, ikaimwagia umeme wote iliokuwa nao. Waya ukageuka jiko. Mzee akavuta waya mpya wa milimita 10 za mraba kutoka oltaneta moja kwa moja hadi upande wa betri, akaweka fyuzi ya ampea 60 njiani. Ile saa ya ampea ya dashibodi inaishia 30, akaitoa kwenye njia akafunga ya volti. Kile kisanduku cha kudhibiti chaji, mafundi wanakiita katauti, nacho akakistaafisha, kwa sababu oltaneta ya siku hizi ina kidhibiti chake ndani.

Tatu, bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Oltaneta ya kawaida inataka hasi iwe kwenye bodi. Ukikosea hapo, daiodi zinaungua kufumba na kufumbua. Hilo yule wa kwanza alilipatia, tumpe haki yake. Ila alisahau kugeuza waya mbili za koili, na mzee akazigeuza.

Nne, mkanda wa feni. Ubonyeze katikati kwa dole gumba, uzame kama sentimita moja na kidogo. Ukilegea unateleza na chaji hakuna, ukikaza sana unaua beringi.

Tano, na hii waambie mafundi wa kijiweni kwenu: ule mchezo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma, eti kupima kama inachaji, uachwe. Kwenye oltaneta unaweza kuua daiodi na kidhibiti kwa sekunde moja. Pima kwa mita. Injini imezimwa, betri nzima isome volti 12.6 hivi. Injini inaunguruma na taa zote zinawaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ya kwetu ilisoma 14.1, mzee akafunga boneti taratibu kama anafunika mtoto.

Desemba nilipanda nayo Marangu usiku, ukoo wote umeshafika kwa ajili ya Krismasi. Babu akatoka na fimbo yake, akaniambia niwashe taa zote halafu niiache silensa. Nikawasha. Migomba ikaonekana mpaka kwenye mto. Akasimama mbele ya gari muda mrefu, akamwangalia baba mkubwa, akasema: "Chuma chakavu, eh?" Baba mkubwa akajifanya anatafuta simu.

Tamasha tulilikosa, na hilo bado linaniuma kwa sababu wazee hawana miaka ya kuchezea. Lakini wewe leo jioni, kabla hujampakiza mama au mchumba, fungua swichi uitazame ile taa ndogo nyekundu. Kama haipo, muulize fundi wako aliipeleka wapi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Tutarudi kwenye mapenzi, ambako nako waya huwa zinaungua.