Daftari la Kura na Bahati ya Vyama

Siku ya uchaguzi watu hutazama sanduku la kura, na machoni pa wengi hapo ndipo mambo yanapokatwa. Walakini kabla ya sanduku kuna daftari, na kabla ya daftari kuna sheria inayosema ni nani atakayeandikwa ndani yake na ni nani atakayeachwa nje. Chama cha siasa chaweza kuwa na wasemaji hodari na fedha tele. Lakini daftari likibadilika nacho kisibadilike, kitakuwa kinawahutubia watu ambao si wao tena watakaoamua. Mambo yaliyotokea Kenya kati ya mwaka 1957 na mwaka 1963 yanaonyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa katika muda wa miaka sita tu nchi ilitoka katika kura ya watu wachache waliochujwa mpaka kura moja kwa kila mtu mzima.

Wazungu wa Kenya walianza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye hakuchaguliwa na watu bali aliteuliwa na Gavana. Ilikuwa Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza, wakachagua wajumbe wanane. Sheria ya kura hiyo ilitokana na taarifa ya Bwana Walter Coutts, nayo ilikuwa sheria ya namna ya pekee. Mtu alipimwa kwa elimu yake, au kwa mapato yake ya pauni 120 kwa mwaka, au kwa mali yake ya pauni 500, au kwa utumishi wake wa miaka mingi, na kadhalika. Tena kadiri sifa zake zilivyozidi ndivyo na kura zake zilivyozidi, hata akafikia kura tatu. Basi mwalimu mwenye mali na cheo aliweza kuwa na kura tatu, na jirani yake aliyelima shamba dogo tangu ujana wake asiwe na hata moja. Nchi nzima, Waafrika walioandikwa walikuwa kama 126,000.

Katika Jimbo la Kati liliongezwa sharti jingine. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikwa ila awe na cheti cha kuthibitisha kwamba alikuwa mwaminifu kwa Serikali wakati wa vita vya Mau Mau. Wakikuyu wengi hawakuwa nacho, wala hawakuweza kukipata. Daftari lilipofungwa, Wameru walioandikwa walikuwa wengi kuliko Wakikuyu, ingawa kwa hesabu ya watu katika nchi mambo yalikuwa kinyume kabisa. Bwana Mathu, aliyeketi katika Baraza miaka kumi na mitatu, alishindwa na Bwana Bernard Mate, mtu wa Meru. Kwa sheria ya siku zile ushindi wa Bwana Mate ulikuwa halali, na hapana haja ya kumvunjia heshima. Bali wale waliosema kwamba Wakikuyu wamemchoka Bwana Mathu walisema jambo lisiloweza kujulikana, maana walio wengi katika hao Wakikuyu hawakuulizwa.

Mjini Nairobi ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1954, katika msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu walikamatwa wakaondolewa mjini. Miaka mitatu baadaye, wagombea wawili walioshindana vikali kwa kiti cha mji, Bwana Tom Mboya na Bwana Argwings-Kodhek, walikuwa wote watu wa asili ya Nyanza. Bwana Mboya alishinda kwa kura chache. Wengine wakanena kwamba ushindi ule ni wa daftari tu, na kwamba siku Wakikuyu watakaporudi mjini na kuandikwa, ndiyo siku atakayoanguka. Neno hilo litarudiwa mbele, kwa sababu lilikuja kujaribiwa.

Mwanzo wa mwaka 1960 ulifanyika mkutano katika Lancaster House, London, na matokeo yake yakaligeuza daftari. Sasa aliyejua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe aliandikwa. Aliyepita umri wa miaka 40 aliandikwa, hata kama hakujua herufi moja. Mwenye cheo katika orodha iliyowekwa aliandikwa, na mwenye mapato ya pauni 75 kwa mwaka, yaani shilingi 125 kwa mwezi, naye aliandikwa. Yule karani wa kuandikisha aliyekaa mezani mbele ya mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, naye apaswa kuamua kama mzee huyo amepita 40 au hakupita, alikuwa na mamlaka ambayo waziri angemwonea wivu. Kura mbili na kura tatu ziliondolewa. Ulipofika uchaguzi wa Februari 1961, walioandikwa walizidi milioni moja. Tangu 126,000 mpaka zaidi ya milioni, kwa miaka minne!

Walioguswa kwanza walikuwa vyama vya Wazungu. Katika viti 53 vya kuchaguliwa, viti 20 vilitengwa: kumi kwa Wazungu, vinane kwa Wahindi, viwili kwa Waarabu. Lakini kutengwa huku kulikuwa na mlango wa pili. Mgombea Mzungu alipaswa kwanza kupata walau robo ya kura za Wazungu wenzake. Akiisha kuzipata, alisimama mbele ya wapigaji kura wote wa eneo lile, Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja. Wazungu wote wa Kenya, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1962, hawakufika 56,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni nane na nusu. Aliyetaka kujua matokeo angeweza kuyajua kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Hata hivyo si wote waliotaka kuhesabu. Bwana Michael Blundell, kiongozi wa New Kenya Party, aliporudi kutoka London mwaka 1960 baada ya kukubali mapatano, Mzungu mmoja alimtupia miguuni sarafu 30 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, kama kumwambia kwamba yeye ni Yuda. Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck akaacha cheo chake cha Spika wa Baraza, akaunda chama cha Kenya Coalition ili kutetea masilahi ya masetla. Wawili hawa wakakutana katika Rift Valley. Katika kura ya Wazungu peke yao, Sir Ferdinand alishinda kwa mbali sana, na Bwana Blundell akaivuka ile robo kwa shida. Kisha ikaja kura ya watu wote, na wakulima na vibarua Waafrika wa Rift Valley wakamchagua Bwana Blundell, wakamwacha Sir Ferdinand nyuma kabisa.

Kenya Coalition haikushindwa kwa kukosa wafuasi. Miongoni mwa watu wake ilikuwa na nguvu kuliko mpinzani wake. Ilishindwa kwa sababu iliwahutubia wapigaji kura wa mwaka 1956 katika uchaguzi wa mwaka 1961, ikiahidi kulinda mambo ambayo wapigaji kura wapya ndio waliotaka kuyaona yakiondoka. Bwana Blundell aliona mapema zaidi. Lakini naye, tuseme kweli, alikuwa na chama kisichokuwa na mizizi: Wazungu wengi walimkana, na Waafrika walimtumia kama mtu atumiavyo daraja. Mwaka 1963, viti vya kutengwa vilipokwisha kuondolewa, chama chake hakikuonekana tena uwanjani.

Na lile neno la Nairobi? Mwaka 1961 Bwana Mboya alisimama tena, safari hii Nairobi East, na mshindani wake alikuwa Daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri. Wakikuyu walikuwa wamerudi katika daftari, nao ndio waliokuwa wengi kuliko kabila jingine lolote katika eneo lile. Kwa hesabu ya kabila Bwana Mboya alikuwa amekwisha. Kura zilipohesabiwa alikuwa amepata karibu tisa katika kila kumi. Watu wa vyama vya wafanyakazi walimjua. Alikuwa amewasemea habari ya mishahara na nyumba walipokuwa hawana mwingine wa kuwasemea. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposoma daftari. Daftari humwambia mwanasiasa ni nani watakaokuja. Halimwambii watakuja na nini moyoni. Anayedhani kwamba kila jina analifahamu kabila lake tu, na halifahamu tumbo lake, wala kodi ya nyumba yake, atashangaa.

Lakini kwa chama, hesabu ilikuwa nzito kuliko kwa mtu mmoja, na chama kilichoielewa vizuri kuliko vyote ni KADU. Kiliundwa Juni 1960, kikiwaunganisha Wakalenjin, Wamasai, watu wa Pwani na baadhi ya Waluhya, chini ya Bwana Ronald Ngala, pamoja na Bwana Masinde Muliro na Bwana Daniel arap Moi. Sababu yake ilikuwa woga wa hesabu. KANU, iliyoundwa muda mfupi kabla yake, ilikuwa na Wakikuyu na Wajaluo, na kila mlango wa daftari uliofunguliwa ulikuwa unaingiza watu wa KANU wengi zaidi, hasa wale walionyimwa kura mwaka 1957 kwa kukosa cheti.

Matokeo ya mwaka 1961 yafaa kutazamwa polepole. KANU ilipata 67 kwa mia ya kura zote, ikapata viti 19. KADU ilipata 16 kwa mia, ikapata viti 11. Kama viti vile 33 vya wazi vingalitolewa kwa kadiri ya kura, KANU ingalipata 22, na KADU mitano au sita tu. Tofauti ilitokana na mipaka: maeneo ya KADU yalikuwa na watu wachache kwa kila kiti, na maeneo ya KANU yalikuwa na watu wengi. Tena KANU ilikataa kuingia serikalini kabla Bwana Jomo Kenyatta hajafunguliwa, hivyo KADU, pamoja na New Kenya Party, ndiyo iliyoshika serikali mwaka huo. Chama kilichopata kura moja katika kila sita kilikuwa kimeketi mahali pa wenye nchi.

Viongozi wake hawakudanganyika na kiti hicho. Walijua kwamba kura ya kila mtu mzima inakuja, na kwamba mipaka ile haitadumu. Ndiyo maana walidai majimbo. Watu hupenda kuyasimulia majimbo kama jambo la hila tu, na hila hazikukosekana. Lakini shina lake lilikuwa hesabu. Chama kinachojua kwamba hakitashinda katika nchi nzima kitataka mambo ya ardhi na polisi yaamuliwe mahali ambapo kinaweza kushinda. Katiba ya mwaka 1963 iliwapa majimbo saba. Mei mwaka huo watu wazima wote wakapiga kura: KANU viti 83, KADU 33, na African People's Party ya Bwana Paul Ngei 8. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe, wajumbe wake wakavuka kwenda upande wa KANU. Majimbo nayo yakafa. Ukingo uliojengwa kwa karatasi ulisimama kwa muda wa miezi tu, maana aliyekuwa na wingi wa kura ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuibadili karatasi.

Daftari halikuacha kubadilika. Mwaka 1974 umri wa kupiga kura ulishushwa toka miaka 21 hata 18, na tangu hapo watu hawaingii kwa kufunguliwa mlango wa sheria, bali kwa kuzaliwa na kukua. Hata hivyo mtu mwenye haki ya kuandikwa si sawa na mtu aliyeandikwa. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba daftari lina watu milioni 22.1, idadi kubwa kuliko ya mwaka 2017. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu 40 kwa mia, nao, katika nchi iliyojaa vijana, walikuwa wamepungua tangu uchaguzi uliotangulia. Wagombea wakuu wote wawili walikuwa wamewahutubia vijana kila mahali, barabarani na sokoni. Bwana William Ruto alimshinda Bwana Raila Odinga kwa kura 233,211.