Kopo Lisilo na Jina



Tumekaa kimya muda mrefu juu ya jambo hili kwa sababu lilionekana dogo. Nani angeandika juu ya chunusi katika mji wa Kolwezi, ambamo malori ya shaba na kobalti hupita usiku na mchana, na ambamo wenzenu wengine hushuka mashimoni kutafuta ada ya shule? Lakini msichana mmoja wa kwaya, msomaji hodari wa masomo ya Dominika, aliacha kupanda mimbarini. Tulipomwuliza, alisema ana mafua. Mafua hayo yalidumu miezi minane. Hatimaye alimweleza ukweli mama mmoja wa chama chetu: alikuwa na chunusi, akanunua dawa ya kuchanganyiwa, na sasa anapojitazama kiooni hautambui uso wake.

Dawa ya kuchanganyiwa ni nini, mwajua kuliko sisi. Muuzaji hukutazama kwa dakika moja, au hupokea picha yako kwa WhatsApp. Kisha huchota kijiko cha krimu hii, hukamua nusu ya tyubu ile, hukoroga vyote katika kopo jeupe, na kukukabidhi akisema: “Hii ni yako peke yako, nimeitengenezea ngozi yako.” Ndugu zetu wa Tanzania huuita mkorogo, na jina hilo lina ukweli mwingi kuliko maneno ya muuzaji. Kopo halina jina la dawa, halina kipimo, halina tarehe, wala halina jina la mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika.

Siku hizi wauzaji wamepata utetezi mpya. Wanasema: hata Marekani watu hutengenezewa krimu ya ngozi yao na kulipia kila mwezi. Jambo hilo lipo kweli. Kampuni ya Curology, kwa mfano, ilianzishwa huko mwaka 2014 na daktari wa ngozi, David Lortscher. Mgonjwa hutuma picha na maelezo ya afya yake, na mwenye leseni ya kuandika dawa huyasoma, kisha huamua mchanganyiko wa dawa kama tretinoini, klindamisini au asidi ya azelaiki, nao hufika nyumbani kwa posta. Sisi si mashabiki wa biashara hiyo. Mlipaji wa kila mwezi ni mtu ambaye kampuni haina haraka ya kuagana naye. Lakini angalieni tofauti. Huko yupo mtu aliyesoma, mwenye leseni inayoweza kunyang'anywa, na kichupa kimeandikwa kilichomo na kwa kiasi gani. Wauzaji wetu wamechukua neno “kwa ajili yako” pamoja na malipo ya kila mwezi, wakaacha yote yaliyoyapa maneno hayo maana.

Na malipo ya kila mwezi yapo, ingawa hakuna mkataba ulioandikwa. Hapa tunawaomba msome polepole.

Chunusi huanza pale homoni za ujana zinapoziamsha tezi za mafuta ya ngozi. Kinyweleo huziba, bakteria waishio humo huongezeka, uvimbe hutokea. Katika ngozi nyeusi kama yetu kipele hupona na kuacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi, hata baada ya chunusi yenyewe kwisha. Wengi hawatofautishi doa na ugonjwa. Wanataka doa liondoke kabla ya Noeli, kabla ya arusi ya dada, kabla ya picha ya diploma. Ndipo muuzaji anapotia katika kopo vitu vya kujichubulia: haidrokwinoni, na pamoja nayo steroidi, mara nyingi klobetasoli au betametasoni. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka, na iliwekwa kwa magonjwa mengine ya ngozi, tena kwa siku chache na chini ya uangalizi. Ikipakwa juu ya chunusi huzima uvimbe kwa haraka. Wiki ya kwanza uso hung'aa, na mteja hurudi kushukuru, akiwa amemleta rafiki yake.

Kisha steroidi ileile huanza kuzaa chunusi zake yenyewe. Ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, jua huchoma. Ukiiacha krimu, uso huvimba na kuwasha, nawe unaamini kwamba ulikosea kuiacha. Unarudi dukani. Vipele vipya vinaleta madoa mapya, na madoa mapya yanadai kopo jingine. Kampuni gani ya Marekani imewahi kupata mteja mwaminifu namna hiyo? Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuleta weusi wa samawati mashavuni usiofutika kwa urahisi, yaani doa kubwa kuliko lile lililokupeleka sokoni.

Hatusemi haya kwa kuwacheka walionunua. Lawama kubwa zaidi tunaiweka juu yetu sisi wazazi na wakubwa wa parokia. Kijana alipokuja kwetu na uso wake tulimwambia nini? Kwamba ana damu chafu. Kwamba anawaza wavulana mno. Kwamba akiolewa zitaisha. Wengine, tena wacha Mungu, walimwambia kwamba kujali uso ni majivuno. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Mtoto aliyeomba msaada akapewa dhihaka atamfuata yeyote anayezungumza naye kwa upole, na wauzaji wa makopo, tukubali, ni wapole sana.

Wapo pia wanaosema ni vumbi la migodi. Vumbi hilo lina kesi yake, tena nzito. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao wa mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, walikokuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumbani na katika mkojo wa wakazi, hasa watoto. Kesi hiyo tuidai kwa sauti kubwa. Lakini chunusi si uchafu, na kijana anayesugua uso kwa sabuni ya kufulia mara tano kwa siku ili kuondoa vumbi anaikwaruza ngozi iliyokwisha kuumia.

Mtatujibu: mwatukataza, lakini daktari wa ngozi yuko wapi? Mwatutuma Lubumbashi, kilomita karibu 300, kwa fedha gani? Hoja hii ni ya haki. Jibu letu ni kwamba chunusi nyingi hazihitaji safari hiyo. Benzoili peroksidi, dawa ya kupaka ya siku nyingi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haitengenezwi kwa ajili yako peke yako, na ndiyo sifa yake: imejaribiwa kwa watu wengi, na kipimo chake kimeandikwa. Mwuguzi wa kituo cha afya anaweza kukuelekeza kuitumia kidogo kidogo. Hukausha ngozi mwanzoni, tena hutoa rangi ya nguo, basi msilale nayo juu ya foronya ya mama. Hudai wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuhukumiwa. Dawa za jamii ya tretinoini na adapalini nazo husaidia, ila mwenye mimba au anayetarajia mimba asizitumie. Vidonge vya antibayotiki msivinunue kwa hesabu ya mbili mbili kwa muuzaji wa barabarani. Vikitumiwa ovyo huwafundisha bakteria ukaidi. Na mwenye vipele vikubwa vyenye maumivu vinavyoacha makovu, huyo ndiye wa kutafutiwa daktari, hata kwa mchango wa jumuiya. Tumechangia arusi nyingi. Tuchangie na hili.

Kuhusu bei, jumlisheni wenyewe makopo mliyonunua tangu mwaka jana.

Serikali nazo zisijifiche nyuma ya uhuru wa soko. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Jirani zetu Rwanda, mwishoni mwa mwaka 2018, walianza kuzitoa krimu za kujichubua madukani kwa mikono ya polisi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe, visiingizwe nchini wala visipelekwe nje, kwa sababu zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Sisi tunapokea shehena kutoka Kasumbalesa kila siku. Haiwezekani kwamba kila gunia la madini litokalo hupimwa na kuandikwa, na kila katoni ya krimu iingiayo haitazamwi na mtu.

Katika mkutano ujao wa vijana, kila mwenye kopo alilete. Tumemwomba mwuguzi mmoja awepo. Hatutauliza limenunuliwa wapi, wala hakuna atakayetajwa kwa jina. Lakini anayelitumia kila siku kwa miezi mingi asilitupe leo usiku kwa hasira baada ya kutusoma: ngozi iliyozoea steroidi kali huwaka vibaya ikinyimwa ghafla, na mwili wenyewe huweza kudhoofika. Aje kwanza, aonwe, apunguze kwa kuelekezwa. Msichana wetu wa kwaya yuko katika mwezi wa tatu wa kuacha. Dominika iliyopita aliketi benchi la mbele, amejifunga kitambaa hadi machoni, na aliimba.