Siyu Ijengwe kwa Mikono ya Siyu

Wiki iliyopita, Siyu, kisiwani Pate, niliona mlango wa nakshi uking'olewa na miimo yake, ukavikwa magunia, ukapakiwa mashuani. Jioni watu walishaanza kubomoa kuta za nyumba ile kuchukua mawe, zidaka zingali zimo. Tulisimama tukitazama. Hata mmoja hakusema neno.

Huu ni mji ambao mafundi wake walichonga milango na viti vya enzi, wakashona viatu vya ngozi, na waandishi wake wakanakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Ni mji wa mtawala Bwana Mataka, uliokataa kumwinamia Sultani wa Zanzibar hadi 1863.

Biashara ilihama, vijana wakafuata kazi Mombasa, saruji ikaingia. Hayo twayajua. Lakini mlango haujiuzi! Umeuzwa, nasi tumenyamaza. Mji wa kale wa Lamu ulipotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 tulishangilia, kisha Siyu tukaiacha iporomoke.

Ngome ya Siyu imekarabatiwa, na waliofanya kazi hiyo tunawashukuru. Ila fundi hali ngome. Fundi hula kazi. Basi kila darasa, zahanati au madrasa itakayojengwa Siyu ijengwe kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu (ya baharini tuyaache hai), kwa chokaa na boriti za mikoko, na mlango wake uchongwe hapohapo. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kukauka. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, lipu ikabanduka. Wachongaji na waashi wa namna hii wangalipo Lamu. Waiteni. Kila mmoja apewe vijana wa Siyu, walipwe tangu siku ya kwanza, wajifunze kuchoma chokaa, kupiga lipu, kuchonga nakshi ya kwao. Nyumba zilizosimama zipimwe na kupigwa picha, kidaka kwa kidaka. Fedha zitafutwe kaunti, misikitini, kwa jamaa walio ng'ambo, popote.

Wenye nyumba, nawasihi: akija mnunuzi wa milango, msimkaribishe barazani. Madiwani, haya yaingizeni kwenye bajeti, msituletee hotuba. Nasi wana wa Siyu tulio mbali, tukirudi kujenga, tuache matofali ya saruji, tumlipe fundi wa nyumbani, tena tuanze mwaka huu huu.